Kumsindikiza Baba na Shangazi Hospitali ya Macho

Jumapili, kujiandaa

Kesho alfajiri tunaondoka: mimi, Baba na Shangazi. Macho ya Baba yana ukungu yote mawili, na la kulia limezidi. Shangazi, dada yake mkubwa, akikaa penye mwanga husoma maandishi makubwa bila taabu, lakini hujigonga milangoni na kukanyaga chochote kilicho pembeni yake. Wakiulizwa, jibu lao ni moja: "Ni uzee tu." Mimi silikubali jibu hilo. Uzee huja na magonjwa ya macho, ndiyo, lakini kila ugonjwa una tiba yake na wakati wake, na kuna mengine ukiyachelewesha ndiyo basi tena.

Nimeshinda na simu sikioni. Kumwona daktari ni kiasi gani? Bei ya upasuaji ni pamoja na lenzi, au lenzi inalipiwa kando? Vipimo vya kabla ya upasuaji je? Matone ya baada ya upasuaji na siku za kurudi kliniki? Bima inalipia nini, na miwani imo? Mzee asiye na uwezo amwone nani? Dada wa mapokezi alijibu yote, na mwishoni akaongeza jambo ambalo sikumuuliza: tuje mapema katikati ya wiki, vipimo na upasuaji vifanyike katika safari hiyohiyo.

Hapo alinigusa. Ninavyoona, wazee wengi hawashindwi na upasuaji wenyewe. Upasuaji ndugu huuchangia, na mara nyingine kambi za macho huufanya bila malipo. Wanashindwa na vinavyouzunguka: nauli ya watu wawili, malazi, siku za kazi za msindikizaji, matone ya wiki kadhaa, na kurudi kliniki mara mbili au tatu. Hivyo havimo kwenye bajeti ya mtu, na ndivyo vinavyomfanya mzee aseme, "Acheni, nitaona hivihivi."

Nimefunga vitambulisho, kadi za bima, miwani zao za zamani na dawa zao zote zikiwa kwenye maboksi yake, hata zisizohusu macho. Pia kofia mbili pana, kwa ajili ya jua baada ya kuwekewa dawa ya kupanua mboni.

Jumatatu, njiani

Katika kupanda basi nilimwona Baba kwa namna ambayo nyumbani simwoni. Mguu wake wa kulia ulipapasa hewani mara mbili kabla ya kuipata ngazi. Ngazi ilikuwa ya kijivu na sakafu ya basi ya kijivu, kwake vyote kitu kimoja. Shangazi yeye aliiona ngazi vizuri, ila kondakta aliyesimama kushotoni kwake hakumwona kabisa hadi alipomsalimu, naye akashtuka.

Safari ni ndefu na sina mengi ya kuandika. Jua lilipokuwa mbele yetu Baba alifumba macho muda wote. Alisema taa za magari usiku kwake zina miale kama jua dogo, na ndiyo maana aliacha kutoka baada ya magharibi. Hilo hakuwahi kutuambia.

Tumelala nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, chumba cha chini. Nilipanga taa ya chooni iachwe ikiwaka.

Jumanne, vipimo

Tulifika kabla ya saa moja na foleni ilishajaa. Wazee, na kando ya kila mzee mtu mmoja aliyeacha shughuli zake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na angalau bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au lina tiba ambayo bado hawajaipata. Pale kwenye mabenchi ndipo nilipoielewa bilioni hiyo. Wengi walikuwa wamekuja kwa jambo lenye tiba, wamelibeba kwa miaka.

Kituo cha kwanza ni ubao wa herufi. Wasiosoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa kila upande, nao huonyesha kwa vidole miguu yake inaelekea wapi. Jicho la kulia la Baba lilishindwa hata ile kubwa ya juu. Akasogezwa mbele hadi akaweza kuhesabu vidole vya muuguzi. La kushoto lilipata 6/60, maana yake anachokiona mtu mwenye macho mazima akiwa mita 60, Baba anakiona akisogea hadi mita 6. Kisha muuguzi akampa kibao cheusi chenye vitundu vidogo, achungulie. Tatizo likiwa la miwani, kuona kupitia kitundu huwa afadhali. Bibi aliyetutangulia alipochungulia alishuka mistari minne papo hapo, akapelekwa chumba cha miwani na siku yake ikaishia hapo. Kwa Baba hakikubadilika kitu.

Kituo cha pili, dawa. Nilimwaga maboksi yote mezani. Muuguzi akaliinua moja, tamsulosini, ya tezi dume, akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili. Dawa hiyo hulegeza ile pete ya rangi iliyozunguka mboni, nayo huweza kuyumbayumba wakati wa upasuaji. Daktari akijua mapema anajiandaa. Wala kuiacha siku chache kabla hakusaidii. Wazee wengi wa kiume wanaimeza, na nani angedhani ina uhusiano na jicho? Wenye kupeleka baba zao, bebeni maboksi yote.

Halafu wakapimwa sukari, presha ya damu, na presha ya macho. Hii ya mwisho hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Baba 16. Shangazi kulia 31, kushoto 28. Muuguzi alirudia kipimo, akaandika, hakusema kitu, akatuelekeza kwa daktari.

Kwa daktari ndipo njia za ndugu hawa wawili zilipoachana. Baba kidevu kwenye darubini, mwanga mwembamba ukapita juu ya jicho lake, nikaitwa nione: katikati ya mboni palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kizito. Mtoto wa jicho, amekomaa. Lenzi ya jicho ambayo ingepitisha mwanga imechafuka yote. Haiondolewi kwa matone, haiondolewi kwa mitishamba. Inatolewa na kuwekwa nyingine. Daktari alitusihi pia tusimwamini kamwe anayejitolea kuisukuma kwa sindano. Lenzi ikisukumwa huangukia ndani ya jicho, mtu huona mwanga kwa siku chache, kisha jicho huvimba na wengi hupofuka kabisa.

Shangazi alikuwa amesikiliza yote. Ilipofika zamu yake akauliza kabla ya kuulizwa: "Na mimi daktari, nitapasuliwa lini?"

"Mama, lako si mtoto wa jicho."

Alipelekwa kwanza kwenye mashine ya upeo wa kuona. Unaangalia nukta iliyo katikati, na kila taa ndogo inapowaka pembeni unabonyeza kitufe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Taa ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena, na kidole chake kikatulia tu juu ya kitufe. Alidhani mashine bado haijaanza.

Ni glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho. Majimaji ya ndani ya jicho hayatoki inavyotakiwa, presha hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Haiumi. Katikati hubaki wazi hadi mwisho, kwa hiyo mtu husoma vizuri na kuamini anaona. Daktari hakumzungusha: kilichopotea hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone ya kila siku, maisha yote. Akamuuliza kama ana pumu. Shangazi anayo tangu ujana, na daktari akaikata timololi aliyokuwa ameanza kuiandika, kwa sababu inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, akaandika latanoprosti, tone moja usiku.

Kisha akanigeukia mimi na Baba. Glakoma hufuata damu. Kaka, dada na watoto wa mgonjwa wote wapimwe. Mimi nilipimwa palepale, nikakutwa na 18 na neva nzima, nikaambiwa nirudie kila mwaka. Baba alikuwa salama.

Usiku Shangazi hakuongea. Nilimwekea tone la kwanza. Kope ya chini inavutwa kidogo, tone moja tu linatosha, jicho linafumbwa, kidole kinakandamiza kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie puani na kooni. Akaniuliza, "Ningekuja lini, mwanangu, ndipo ningewahi?" Nilimwambia ukweli: kilichobaki amekiwahi.

Jumatano, karatasi

Leo ilikuwa siku ya kupima lenzi na kulipa. Urefu wa jicho na mviringo wa kioo cha mbele hupimwa ili lenzi itakayowekwa iwe na nguvu inayolifaa jicho hilohilo. Kipimo hiki msikubali kirukwe, hata kwenye kambi. Lenzi ya nguvu ya kukadiria inaweza kumwacha mzee akihitaji miwani mizito ambayo tena hana pesa ya kuinunua.

Dirishani tulipewa ngazi tatu za bei. Nikauliza zinatofautiana nini. Za juu zina lenzi zilizoagizwa mbali, chumba cha peke yako, na mashine inayovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti. Ya chini hutumia mkato mdogo wa mkono, usiohitaji kushonwa, na lenzi ya kawaida inayolenga mbali. Nilimfuata daktari nikamuuliza angemchagulia nini mzazi wake. Akasema kwa mtoto wa jicho aliyekomaa kama wa Baba, mkato wa mkono katika mikono iliyozoea hutoa matokeo mazuri yanayokaribiana sana na ya mashine. Tukachukua ya chini bila unyonge.

Wanaolipa ngazi za juu huwabeba wasio na kitu. Mpango wa namna hii ulipata sifa India, mjini Madurai, ambako Dk. Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya Aravind mwaka 1976 kwa vitanda 11 baada ya kustaafu. Vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na baridi yabisi, na bado alipasua macho ya watu wengi mno. Mwaka 1992 wakaanza kutengeneza lenzi wenyewe, na bei ya lenzi ikashuka hadi nchi maskini zikaimudu. Namtaja kwa sababu yule mzee aliyekuwa mbele yetu dirishani hakulipa hata senti. Afisa ustawi wa jamii alimhoji pembeni, kwa staha, bila kumtangaza, akagonga muhuri. Aliingia foleni moja na Baba, kwa daktari yuleyule. Hivyo ndivyo msamaha unavyopaswa kutolewa.

Alhamisi, upasuaji

Muuguzi alimwandikia Baba alama ya mshale juu ya nyusi ya kulia, akamuuliza jina, akamuuliza jicho gani, akalinganisha na faili. Nilipenda kwamba alimuuliza yeye, si mimi.

Baba aliogopa jambo moja: kwamba ataona kisu kikija. Walimweleza hatua kwa hatua. Jicho linapigwa ganzi, yeye yuko macho lakini haoni kinachofanyika zaidi ya mwanga, uso unafunikwa kitambaa, hewa inapitishwa chini yake. Akitaka kukohoa, aseme kwanza. Mtu atamshika mkono, na akiuminya mkono huo watasimama.

Nje, kwenye benchi, nilifikiria jinsi lenzi hizi zilivyoanza. Daktari Mwingereza, Harold Ridley, alitibu marubani wa Vita Kuu ya Pili waliorushiwa machoni vipande vya plastiki ya vioo vya ndege zao. Aliona jicho halivikatai vipande hivyo. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wengi wa fani yake walimpinga kwa miaka. Kabla ya hapo aliyetolewa lenzi alivaa miwani minene ya kutisha maisha yake yote.

Baba alitoka kabla sijamaliza kuwaza, chini ya nusu saa, kwa miguu yake, pedi juu ya jicho. "Nimeminya mkono mara moja," akasema, "wakasimama kweli."

Ijumaa, pedi kutoka

Asubuhi waliokuwa wamepasuliwa walikalishwa mstari mmoja. Pedi zilibanduliwa moja baada ya nyingine. Sitaki kudanganya kwamba kila mtu alipiga kigelegele. Bibi mmoja aliona ukungu uleule. Kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimevimba, akaambiwa kitakaa sawa kwa siku kadhaa. Baba alikodoa, akatoka machozi, akaangalia mkono wake kwa muda mrefu, kisha suruali yake. Alikuwa fundi cherehani miaka yote ya ujana wetu, na suruali hiyo alikuwa ameipunguza mwenyewe mwezi uliopita.

"Hii suruali nyeusi nimeishona kwa uzi wa buluu," akasema. Akageuza pindo, akafuata mshono kwa ukucha, mguu mzima.

Lenzi iliyochafuka huzuia rangi ya buluu isipite vizuri, kila kitu kinakuwa na umanjano, na mtu hajui kwa sababu hutokea polepole. Ubao wa herufi ulimpa 6/18 siku ya kwanza.

Masharti tuliyopewa: matone ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe, dakika tano kati ya chupa na chupa, kwa wiki kadhaa huku yakipunguzwa, kifuniko kigumu usiku, asisugue, asiinue mzigo, maji ya kuoga yasiingie jichoni. Na hili walilirudia mara tatu: jicho likiuma sana, likizidi kuwa jekundu, likitoa usaha au kuona kukishuka ghafla, ni kurudi siku hiyohiyo, usiku au mchana. Maambukizi ya ndani ya jicho hayangoji Jumatatu.

Mchana ulikuwa wa Shangazi. Sikujua kuna chumba cha uoni hafifu hadi daktari alipotuandikia karatasi. Nilitegemea miwani, tukakaa zaidi ya saa moja na hakukuwa na miwani. Mtaalamu alimfundisha kutembea kwa kugeuza kichwa polepole kushoto na kulia, kila hatua chache, ili ile sehemu ya katikati inayoona ifagie njia. Akampa fimbo nyeupe, akamwambia ni ya kuwaambia wengine zaidi ya kumwambia yeye. Taa ya kusomea ikae nyuma ya bega lake, isimpige usoni. Ukingo wa kila ngazi nyumbani ubandikwe utepe wa rangi inayopingana na sakafu. Kikombe cheupe kisikae juu ya kitambaa cheupe. Simu yake iwekewe herufi kubwa na sauti ya kusoma ujumbe. Karibu vyote havina gharama, na vyote vingeweza kufanyika zamani.

Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, kuna wakati unaona vitu ambavyo havipo? Maua, watu, mapambo ukutani?"

Shangazi alinitazama mimi kwanza. Ndipo akasema ndiyo. Jioni, ukutani, huona vimiraba vinavyojipanga, na mara nyingine watoto wadogo waliosimama kimya. Amekaa nalo muda gani sijui, akiogopa tutasema akili zimeanza kuondoka, au mengine mabaya zaidi.

Mtaalamu akamweleza kwamba ubongo uliozoea kupokea picha, ukikosa, hujitengenezea zake. Si wazimu. Mswisi Charles Bonnet aliliandika mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake, mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho na akili timamu. Ukiwasha taa au ukipepesa macho, mara nyingi huondoka. Shangazi akashusha pumzi, akauliza habari za taa. Kwangu mimi hii ndiyo ilikuwa huduma kubwa kuliko zote za wiki, na haikuwa na bei.

Jumamosi

Kurudi. Baba alikaa dirishani na kifuniko chake, akisoma vibao.

Wiki iliyofuata

Tumemrudisha Baba kliniki, jicho limepona vizuri. Nyumbani nimebandika utepe wa njano kwenye ngazi. Matone nimeyapanga kwa saa za sala, hakuna anayesahau.

Mwezi baadaye

Jicho la Baba limetulia na sasa amepimiwa miwani ya kusomea. Lenzi aliyowekewa inaona mbali, kwa kuona karibu lazima isaidiwe. Ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe. La kushoto limepangiwa tarehe. Tumeambiwa pia kwamba miezi au miaka ijayo utando wa nyuma ya lenzi mpya unaweza kupata ukungu. Hilo si mtoto wa jicho kurudi, na husafishwa kwa leza kwa dakika chache.

Presha ya Shangazi imeshuka hadi 17 na 16. Tumekubaliana kama familia nani atanunua chupa mwezi gani, tumeandika majina, maana dawa ya maisha haiwezi kuachiwa mfuko wa mtu mmoja.

Baba mdogo alisema yeye anaona vizuri, haendi. Shangazi akampigia simu mwenyewe, akamweleza kuhusu mashine yenye taa alizodhani hazijawashwa. Amekwenda Jumatatu. Jicho la kushoto lina 27, upeo wake bado ni mzima. Ameanza matone.